Niombe Tena

Mimi si mtu mpole, na sitaki mtu anipake mafuta baada ya kusikia haya. Kijiji kizima cha Kibirichia kinaujua mdomo wangu. Madalali wa viazi wakiniona nimesimama barabarani, mikono kiunoni, hukumbuka ghafla kwamba wana safari ya kwingine. Kwa hivyo mkisikia watu wakisema Kaari alimpa mgeni kona ya shamba lake, tena ile kona, msikimbilie kusema ni roho nzuri. Ngojeni niwaambie ilivyokuwa.

Ilianza na ndoto. Msimu wa ukungu huku kwetu mtu haamki akaamka kabisa. Unaamka nusu, nusu nyingine inabaki ikizurura huko nje kwenye viazi. Siku hiyo kulipokuwa kunapambazuka nilimwona Gitari, marehemu mume wangu, ameketi kwenye kigoda chake karibu na jiko, viatu vimelowa chepechepe. Hakunisalimia. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa salamu za asubuhi. Aliangalia mlango, akasema, "Mama Munene, kuna mtu langoni." Basi, hayo tu. Nikamwambia avue viatu, ananichafulia jikoni, na nikaamka nikiwa bado namgombeza.

Nje hakukuwa na dunia. Kirimara, mlima wetu, ulikuwa umejifunika, na ukungu umeshuka mpaka kizingitini. Viazi vilikuwa vimetoa maua, na hayo maua meupe ndiyo pekee yaliyoonekana, yanaelea tu, hayana mashina wala udongo. Jenerali, mbwa wangu, alikuwa anabweka kule mbele. Nilimfuata kwa sauti, maana hata lango lenyewe sikuliona mpaka nilipokaribia kuligusa.

Na kweli mtu alikuwepo. Alikuwa amesimama upande wa nje, kofia mkononi, kimya. Hakupiga hodi. Hakushika lango. Mabega ya koti lake yalikuwa yamejaa matone, kwa hivyo alikuwa amesimama hapo kitambo.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema, kwa lafudhi ya watu wa huko chini kwenye joto. "Nimekuja kuomba."

Nililishika lango kwa mikono miwili. Na si kwa huruma, nisiwadanganye. Ni kwa woga.

Ukoo wa mume wangu una gichiaro na ukoo mmoja wa huko chini. Ni undugu wa kiapo. Babu zetu na babu zao walichanjana damu wakati wa vita vya zamani, wakaapa. Tangu hapo mtu wa ukoo ule akija kwako hadanganywi, hakasirishwi, na akiomba kitu hanyimwi. Huulizi ni cha nini. Huulizi hata yeye ni nani, maana kumwuliza ni kumtilia shaka, na kumtilia shaka ni mwanzo wa kumnyima. Ukimnyima, laana inaingia nyumbani na haibishi hodi. Tunacheka nayo sana, tusipokuwa peke yetu. Shemeji yangu mmoja aliombwa koti lake la harusi kanisani, akalivua palepale, akaoa na shati. Mwichiaro, yaani ndugu wa kiapo hicho, akija, watu huficha redio chini ya kitanda. Lakini kumnyima? Wee! Sijaona.

Na huyu alikuja kutoka chini, akasimama nje ya lango kama wanavyosimama wao, na mume wangu alikuwa ameshanitangulia kunipa habari. Ningefikiria nini kingine?

"Omba," nikamwambia.

"Mtoto wangu amefariki. Naitwa Njeru, nimepanga chumba kule nyuma ya posho mill, nafanya vibarua vya kuvuna viazi. Kwetu hakuna shamba tena, ndugu zangu waliuza. Chifu anasema nimpeleke makaburi ya umma huko mjini, lakini mama yake hatafika huko. Anataka pahali anaweza kumwona akienda kazini. Naomba mahali pa kumzika."

Jamani. Kama angeomba ng'ombe ningelia, ningempa, ningeendelea kulia. Lakini kaburi! Huku kwetu kaburi si shimo. Kaburi ni mtu amekaa na hatoki. Ukizika mgeni shambani kwako, wajukuu wako watakuja kuulizwa na wajukuu wake. Nilifungua mdomo nikasikia sauti yangu, nyembamba, kama inatoka kwa mtu mwingine ndani ya ukungu.

"Chagua," nikasema.

Akachagua. Alipita katikati ya maua mpaka kona ya miti ya mitarakwa, pale ardhi ilipo kavu na barabara inapita chini yake. Hapo ndipo Munene, mwanangu wa pekee, alipokuwa ajenge. Nilikuwa nimempa kwa mdomo wangu siku alipomleta Sheila, mchumba wake, kunisalimia. Nilitaka kusema, si hapo, bwana, hapo hapana. Sikusema.

Tulimzika mchana uleule na ukungu haujaondoka. Walikuja majirani wachache, na mwalimu wa Sunday school akaomba. Jeneza lilikuwa dogo, Njeru alilibeba peke yake. Njoki, mama mtoto, hakulia. Aliimba kitu cha kwao taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala mchana. Mtoto aliitwa Wambeti, jina la nyanyake. Nilipotupa udongo wangu, ukungu ulipasuka kidogo juu ya mitarakwa, mwanga ukashuka hapo tu, halafu ukungu ukafunga tena. Nikajiambia, umeona, wazee wamepokea. Nimetimiza. Laana imepita mbali na nyumba yangu.

Hivyo ndivyo nilivyofikiria kaburini. Nilijifikiria mimi.

Munene anafanya kazi ofisini mjini Meru. Alikuja Jumamosi na Sheila, wamebeba kamba na vigingi vya kupima msingi. Wakati huo Njoki alikuwa ameshapanda maua ya rangi ya chungwa juu ya kaburi. Nilikuwa jikoni nikiponda viazi vya mukimo. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa huko nje. Sheila alikuwa amerudi ndani ya gari.

"Mathe," Munene alisema akiwa mlangoni, kamba mkononi. "Hii ni nini umenifanyia?"

Nikamweleza. Alinisikiliza akitikisa kichwa.

"Mimi naangalia kitu kimoja tu," alisema. "Kitu kimeleta nini? Mtoto alishakufa, haki, pole kwao, lakini angezikwa mjini angekuwa amezikwa vilevile. Sasa ona. Sheila hawezi kuamka kila siku aangalie kaburi la mtu hatujui. Mimi sina pa kujenga. Wewe utazeeka hapa peke yako. Nani amefaidika? Kitu kikiumiza watu wote, kinakuwaje kizuri?"

"Ungetaka nimnyime mwichiaro? Tukuzike wewe hapo?"

Hapo akaacha kutikisa kichwa. Ana digrii, lakini ni mtoto wa Kibirichia. Alisugua shingo, akauliza polepole, "Na ni mwichiaro kweli? Nani amethibitisha?"

Hakuna aliyekuwa amethibitisha.

Basi aliitwa Mutugi, kaka wa marehemu mume wangu, mzee wa ukoo. Mutugi ana sheria ya kila kitu, hata ya mkono gani unashika kikombe cha uji. Alikuja na kofia yake ya sufu, akakataa chai mpaka shauri liishe, akaenda mwenyewe kumwona Njeru kule posho mill. Aliporudi, alikuwa anacheka kwa meno machache aliyobaki nayo.

"Kaari! Huyo ni Mmbeere, kabila jingine kabisa! Hana gichiaro na sisi hata chembe. Hata hajui ni kitu gani. Nilimwuliza kuhusu kiapo, akanitazama kama ng'ombe anayetazama gari moshi."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hukufungwa. Kiapo ni kiapo kwa wenyewe. Hukuwa na deni kwake, na kama huna deni, ulichotoa si chake. Mwambie amtoe mtoto wake, kwa heshima, na hakuna laana itakayokugusa. Sasa naweza kunywa chai."

Nitawaambia ukweli: kwanza nilisikia mwili umekuwa mwepesi. Munene alinikumbatia. Tukapanga Njeru aambiwe, mambo ya kibali Munene atafuatilia, na Jumamosi ijayo kazi ifanyike. Halafu walipoondoka, wepesi ule ukageuka hasira. Nilifanywa mjinga! Mtu amesimama langoni kwangu kwa adabu za mwichiaro, amenitoa jasho, amenigombanisha na mwanangu, kumbe si lolote! Nilipiga sufuria teke. Jenerali alijificha chini ya kibanda cha kuni.

Siku ya soko nilishuka mjini na magunia yangu, mpaka Majengo. Huko nina rafiki yangu, Safiya, ana kibanda cha viazi karai karibu na msikiti, amenunua viazi vyangu tangu tukiwa wasichana wenye viuno. Nilimwaga yote mbele yake huku akimenya. Nilitarajia aniunge mkono. Safiya ni Mwislamu, mambo ya gichiaro hayamhusu, lakini hasira anaijua.

Alitupa kiazi alichomenya kwenye sufuria.

"Mwenzangu, kwetu maiti hana mambo ya ukoo. Maiti ni wetu sote, asipozikwa tunaulizwa sote. Lakini hilo liache." Akanyoosha kisu kwangu. "Mie nataka kujua. Ulipomwambia chagua, moyoni ulikuwa na nini?"

"Woga."

"Wa nini?"

"Wa laana, wewe! Wa Munene kupatwa na kitu."

"Basi usiseme umechukuliwa kitu, Kaari. Bado hujatoa kitu. Sisi hutazama nia kwanza, na nia yako ilikuwa kujikinga. Yule bwana alipata kaburi, alhamdulillahi. Wewe ulipata nini? Hakuna. Umepita tu hapo."

Nilikasirika nikaondoka bila hata kuonja viazi vyake, na ni vizuri sana. Nilipanda mlima kurudi nyumbani, kichwa kinanguruma. Mmoja anasema angalia kilichotokea. Mmoja anasema angalia sheria. Huyu anasema angalia moyo. Kila mmoja anaongea kama ana hakika, na kila mmoja alikuwa na haki, nikimsikiliza peke yake. Mimi nilitaka mtu mmoja tu wa kulaumu, na nilijua anapoishi.

Nilimkuta kaburini. Jioni ilikuwa haijafika lakini ukungu ulikuwa umerudi, na Njeru alikuwa amepiga magoti anang'oa magugu, viatu vyake amevipanga kando ya mtarakwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu.

"Ulinidanganya," nikamwambia.

Alisimama haraka. "Nilikudanganya nini, mama?"

"Ulisimama nje ya lango! Hukupiga hodi, hukugusa kitu, ulisimama tu, kama mwichiaro. Kwa nini ulisimama hivyo?"

Alinitazama, akamtazama Jenerali aliyekuwa miguuni pangu.

"Nilikuwa naogopa mbwa," alisema.

Jenerali alimtikisia mkia. Nikamsogeza mbwa kwa mguu.

"Hiyo asubuhi nilikuwa nimeshapita milango mingine," aliendelea taratibu. "Wengine walinipa pole. Wengine walinipa chai, Mungu awabariki. Mahali hapakuwepo. Nikasema nijaribu lango moja la mwisho, halafu nimpeleke mjini. Wewe hukuniuliza kabila, hukuniuliza dini. Ulisema chagua. Nilienda nikamwambia Njoki, kule juu kuna mtu mwema. Yule mzee alipokuja kuniuliza habari ya viapo, ndio nilijua ulikuwa unaogopa kitu." Alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Mzee amesema Jumamosi. Nitakuja na jembe langu. Sitaki uchungu kati yako na kijana yako. Njoki nitamwambia mimi mwenyewe."

"Hujamwambia?"

"Bado, mama. Nimeshindwa vile nitaanza."

Niliketi chini, kwenye udongo uleule. Mtu mwema! Nimeitwa mengi Kibirichia, mengine nilistahili. Hilo sikuwa nimeitwa. Na mtu aliyeniita hivyo alikosea, na kosa lake liliniuma kuliko matusi yote, kwa sababu nilitamani liwe kweli. Nililia pale mbele yake bila aibu. Yeye alirudi kung'oa magugu, akaniacha nilie.

Usiku wa kuamkia Jumamosi Gitari alikuja tena, viatu vimelowa kama kawaida.

"Ni wewe uliyesema ni mwichiaro," nikamwambia. "Wewe uliniingiza hapa."

"Mimi?" alisema. "Mimi nilisema kuna mtu langoni."

Nikaamka. Ukungu ulikuwa umeshuka tena mpaka kizingitini, maua yanaelea, huwezi kujua ni siku ipi. Munene alishafika mapema na Mutugi. Sheila hakuja. Walisimama uani wakipuliza vidole. Munene alikuwa na ile kamba yake imekunjwa mfukoni, na alikuwa na furaha ya mtu ambaye mambo yake yamerudi mahali pake. Alikuwa amenibebea mkate. Nawaambia hilo ili mjue nilikuwa naangalia nini.

Jenerali akaanza kubweka. Tukaenda langoni, na pale alikuwepo Njeru, upande wa nje, matone mabegani. Begani alikuwa na jembe. Mkono wa pili alishika shuka nyeupe, mpya, ya kumfungia mtoto, imekunjwa vizuri. Nyuma yake kidogo, karibu kumezwa na ukungu, alikuwa Njoki. Alikuwa ameshaambiwa. Ilionekana kwa vile alivyosimama.

"Nimekuja, mama," Njeru alisema.

"Weka jembe chini," nikamwambia. "Niombe tena."

"Mathe," Munene alisema.

"Kaari, hilo halipo kwenye utaratibu," Mutugi alisema.

"Nyamazeni nyinyi wawili. Ile siku hukuniomba mimi," nikamwambia Njeru. "Uliomba laana na babu zetu waliokufa. Mimi sikuwepo hapa. Leo nipo. Niombe tena, na ujue naweza kukunyima."

Alimtazama Munene, akamtazama mzee, akatazama jembe. Akaliweka chini. Kuomba mara ya kwanza ni kazi. Sijui ilimgharimu nini mara ya pili, mbele ya watu waliokuja kumtazama akichimba.

"Mama Munene," alisema, "naomba mahali pa mtoto wangu."

Neno "hapana" lilikuwa mdomoni mwangu, zima, tamu. Hakuna laana ingenigusa. Ukoo ungenisifu. Mwanangu angejenga, Sheila angerudi, ningesikia watoto wakikimbia kwenye viazi nikiwa mzee. Hakuna mtu duniani angeniambia nimekosea, isipokuwa labda Safiya, na Safiya ana wateja wake. Nilitafuta ndani yangu ule woga wa siku ile, hata kidogo, unisukume. Haukuwepo. Nilikuwa peke yangu kabisa.

"Chukua," nikasema. "Ni pake. Hakuna mtu atakayemtoa nikiwa hai, na nikifa nitazikwa kando yake, tuone nani atatutoa wawili."

Njoki alikaa chini barabarani, na Njeru akamwekea ile shuka mapajani.

Munene hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alitoa ile kamba mfukoni, akaiweka juu ya nguzo ya lango polepole. "Umechagua mtu aliyekufa, ukaniacha mimi niliye hai," alisema, na akapita kando ya Njeru bila kumgusa. Tulisikia gari likiwaka ndani ya ukungu, na likishuka, mpaka likawa si kitu. Mutugi alimfuata kwa miguu akinung'unika. Kamba ile iko kwangu mpaka leo. Munene hunipigia simu sikukuu zikifika, tunaongea habari ya mvua. Inaniuma, na kama alisema kweli siku ile, basi naumia kwa haki. Sijui. Nilichofanya nilikifanya mimi, hilo tu najua.

Niligeuka nielekee jikoni kuweka chai. Nilipofika nusu ya njia nikaona sifuatwi na mtu. Njeru alikuwa bado amesimama palepale, upande wa nje, kofia mkononi.

"Sasa wewe mbona huingii?" nikamfokea, machozi yananitiririka.

"Mbwa, mama," alisema.

Nikarudi nikamfunga mbwa.